UZI: Tunaolipwa kwa giza la dagaa, tupange vipi bajeti ya nyumba? Daftari langu la mwaka mzima hili hapa

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada), 2 Februari 2026

Habari zenu wakuu. Wazee, shikamooni.

Naandika nikiwa nyumbani Igombe, Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mitumbwi yote imevutwa mchangani kwa sababu mwezi mpevu umeangukia usiku wa kuamkia leo, na dagaa hawaji kwenye taa ziwa likiwa jeupe. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, mimi naanika na kuuza. Tuna watoto wanne, tumepanga vyumba viwili, na kila tukipata tunamtumia mama mkwe aliyeko Ukerewe. Hatuna mshahara. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila nikisoma mafundisho ya bajeti naambiwa niandike "kipato cha mwezi" kwenye mstari wa kwanza, na sisi mstari huo hatuna.

Kwa walio mbali na ziwa: dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na sola. Taa inavuta dagaa pale tu anga likiwa na giza. Mwezi ukikaribia kujaa, mitumbwi inapumzika siku nane hadi kumi, halafu kazi inarudi. Kipindi cha kazi tunakiita giza. Kwenye mtumbwi wa mume wangu hesabu inafungwa mwisho wa giza: inatolewa gharama ya mafuta na chakula cha kambi, nusu anachukua mwenye chombo, nusu wanagawana wavuvi. Kwa hiyo pesa kubwa inaingia ndani mara moja, halafu zinafuata siku za mbalamwezi ambazo haingii hata mia.

Shida yetu ilikuwa hapa. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wa kalenda una 30 au 31. Kila mwezi giza linasogea nyuma siku moja hivi, na kwa mwaka zinafika kama siku 11. Waislamu hili wanalijua vizuri, ndiyo maana Ramadhani haikai mahali pamoja. Mwenye nyumba yeye anahesabu tarehe moja. Shule inahesabu Januari. Tukawa tunaona miezi mingine inatubana na mingine inatuachia, tunasema ni bahati au ni mkosi, kumbe ni kalenda mbili zinazopishana.

Januari 2025 zilipishana vibaya. Mwezi mpevu uliangukia tarehe 13, wiki ileile shule zilipofunguliwa. Kijana wetu mkubwa alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, nashukuru kwa hilo, lakini sare, viatu, sweta, madaftari na begi ni vya mzazi. Mitumbwi imelala, pesa ya giza lililopita imeliwa sikukuu. Nikachukua 200,000 ya mkopo wa kausha damu: kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Piga hesabu, ni 260,000.

Siku ya tano sikuwa nayo. Yule kijana wa marejesho alikuja asubuhi, hakupaza sauti wala kunitukana, alisimama tu kando ya chanja ninayoanikia dagaa, daftari lake kwapani, huku wanawake wenzangu wakiangalia. Nikaingia ndani, nikafungua gunia la dagaa wakavu niliokuwa nasubiri wapande bei, nikampimia visado viwili. Akamimina kwenye mfuko, akaweka tiki, akaondoka. Wiki tatu baadaye kisado kilekile kilikuwa 7,500. Mwanangu mdogo aliniuliza mbona yule kaka amechukua dagaa bila kulipa. Usiku ule nilichukua daftari la kaunta ambalo kijana hakuwa amelianza, nikaandika tarehe.

Naendelea hapo chini.

---

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada)

Kitu cha kwanza nilichofanya si kupanga. Niliandika tu. Giza zima, kila kilichotoka, hata kiberiti. Sikumzuia mtu kununua. Mume wangu alidhani namchunguza, nikampa kalamu, nikamwambia na zangu andika wewe.

Tulichokiona ni kwamba pesa yetu ilikuwa inaondoka kwa kupima. Mafuta ya kula ya mia tano kila siku: ukijumlisha lita ilitugharimu kama 6,000, na chupa ya lita dukani hapohapo ni 5,000. Sukari robo 800, kilo 3,000. Mkaa ndiyo ulioniuma. Nilikuwa nanunua ndoo ndogo ya 2,500, inakwenda siku tatu. Siku 30 ni ndoo kumi, 25,000. Gunia nilikuja kununua 54,000 likatufikisha magiza matatu, yaani 18,000 kwa giza. Nilikuwa nalipa 7,000 zaidi kila giza kwa sababu sikuwahi kuwa na 54,000 kwa mkupuo. Asiye na kitu ananunua ghali kuliko mwenye nacho, na sikuwahi kuliona mpaka nilipoliandika.

Cha pili, tuliacha kuhesabu kwa kalenda. Jirani yangu ana kalenda ya Kiislamu ukutani, ile yenye tarehe mbili. Mimi ni Mkatoliki lakini niliiomba, nikanakili mwaka mzima. Tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, zile wanazoziita siku nyeupe, ndipo mitumbwi inapokuwa juu. Mwanzo wa mwezi wa Kiislamu ndipo giza lilipokolea. Ukiwa na kalenda hiyo unajua tangu leo mwezi wa Desemba utajaa lini. "Mwezi" wetu wa bajeti tukauanzisha siku ya hesabu ya giza mpaka hesabu inayofuata.

Cha tatu ndicho ninachotaka mkijadili zaidi. Tuna magiza 12 yaliyoandikwa sasa. Bora kuliko yote mume wangu alileta 520,000, Septemba. Baya kuliko yote ni la Aprili, masika, 190,000. Mimi kwenye kuanika giza bovu nilipata faida ya 90,000. Watu wanashauri uchukue wastani. Tulijaribu, tukaumia, kwa sababu wastani unakuahidi pesa ambayo giza bovu haliji nayo. Tumepanga nyumba iishi kwa giza bovu: 190,000 na 90,000, jumla 280,000. Likija giza zuri, ile ziada nyumba haiijui.

Tulipoorodhesha mahitaji yote upya yalifika 311,000. Kodi 40,000. Mboga, mafuta, sukari na vidogovidogo vya kila siku 3,500 kwa siku, yaani 105,000 (samaki wa kula mara nyingi mume wangu anakuja naye, la sivyo ingekuwa zaidi). Unga na mchele 55,000, mkaa 25,000, umeme na maji 11,000, watoto shuleni 20,000, mama mkwe 15,000, sabuni na mafuta ya kujipaka 12,000, kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa) 8,000, vocha 5,000. Na mfukoni 15,000: kumi yake, tano yangu.

Hiyo ya mfukoni naomba niisemee. Bajeti ya kwanza kabisa, Februari mwaka jana, sikuiweka. Nilifikiri mtu mwenye shida hana haja ya pesa ya mfukoni. Giza la pili nikakuta mkebe wa pesa umepungua 12,000 na mume wangu kanyamaza. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mama, mimi nalala majini siku ishirini. Nikishuka sina hata ya kununulia wenzangu chai?" Nikaona kosa ni la mpango. Tangu ameandikiwa 10,000 yake, haulizwi imekwenda wapi na mkebe haujaguswa tena.

Sasa 311,000 inazidi 280,000 kwa 31,000. Tulikaa usiku wa mbalamwezi, yeye anashona nyavu, mimi nasoma mstari mmoja mmoja. Mboga ikashuka kuwa 3,000 kwa siku, tukapata 15,000. Mkaa wa gunia, 7,000. Sabuni kwa mche mzima, 4,000. Vocha 2,000. Mahindi tukaanza kununua na kusaga wenyewe, ikabaki ile 3,000 ya mwisho. Ya mama mkwe, mume wangu aliniambia nisiiguse, na mimi sikutaka kuigusa.

Pesa ikifika, tunaigawa siku hiyohiyo kabla hatujalala. Kodi, shule na kikoba vinaingia kwenye laini ya pili ya simu ambayo haitumiki kwa kingine. Kodi inatangulia giza moja: ya Machi inatoka kwenye hesabu ya Februari, hivyo tarehe moja ikituangukia mbalamwezi hatuna wasiwasi. Chakula kinaingia kwenye mikebe minne ya maziwa ya unga, mkebe kwa wiki, na unaofunguliwa ni mmoja tu.

Ziada ya magiza mazuri ina foleni yake: kwanza gunia la mkaa, pili kapu la Januari. Tulihesabu kila kilichohitajika shuleni Januari tukapata 240,000, kwa magiza 12 ni 20,000 kila moja. Isipopatikana kwenye giza bovu, inafidiwa kwenye zuri. Mwaka huu mwezi mpevu uliangukia Januari 3, siku kumi nyuma ya mwaka jana kama kalenda ilivyosema, na watoto wote walikwenda shule siku ya kwanza wakiwa na viatu. Sikukopa.

Nawasilisha. Nataka kusikia wenzangu wa kipato kisicho na tarehe mnafanyaje.

---

Fundi Mabatini

Dada hongera kwa moyo. Ila niseme ukweli wangu. Bajeti ni ya watu ambao pesa inatosha na wanakosea kuitumia. Mimi pesa haitoshi. Nikiiandika haitoshi, nisipoiandika haitoshi. Daftari haliongezi hata shilingi. Kazi ya uashi naweza kukaa wiki tatu bila kuitwa.

---

BodaNyakato

Mkuu Fundi nakuelewa lakini mfano wa mkaa umenigusa. Mimi niko kijiweni Nyakato, pikipiki si yangu, kila siku bosi anataka 8,000 yake. Inayobaki nakula nayo jioni hiyohiyo. Tairi likiisha nakopa. Kila tairi nililowahi kununua nimelinunua kwa mkopo na mimi naendesha kila siku. Swali kwa mleta mada: sisi wa kila siku tunahesabuje? Hatuna giza.

---

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada)

Kaka Fundi, nimesoma ulichoandika mara mbili na sitaki kukujibu kwa haraka, kwa sababu hata mimi nilisema hivyohivyo kwa miaka. Ni kweli halikuongeza shilingi. Kwenye giza lile la kwanza lilinionyesha 7,000 ya mkaa, na 41,000 niliyokuwa nalipa dukani kwa kukopeshwa, ambapo bei ya mkopo si bei ya taslimu. Kwako inaweza kuwa kingine, au isiwepo kabisa. Ninachokuomba, usipange chochote. Andika tu, kazi moja hadi kazi nyingine. Ukimaliza ukaona hakuna hata mia ya kuokoa, basi utakuwa na namba za kumwonyesha shemeji, na nyote wawili mtajua kwamba shida ni kazi kuwa chache wala si mmoja wenu anakula pesa. Kwetu hilo peke yake lilipunguza ugomvi.

BodaNyakato, mdogo wangu, wewe una giza ila hujalipa jina. Chukua wiki sita, andika unachobaki nacho baada ya bosi na mafuta. Iangalie ile wiki mbovu, ya mvua. Hiyo ndiyo mshahara wako. Kila siku weka chote mahali pamoja, Jumapili ujilipe hiyo namba tu. Tairi na oili vihesabu kama bosi wa pili anayedai kidogokidogo kila siku.

---

Mwalimu wa Magu

Habari ya kazi dada. Mimi nina mshahara, unaingia kabla mwezi haujaisha, na bado nimekuja kujifunza kwa mwanika dagaa, wala sioni haya. Mwezi wangu una siku 12. Baada ya hapo ni madeni. Nimejaribu ile kanuni wanayofundisha mitandaoni ya nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa matamanio, 20 akiba. Sijawahi kufika popote.

Nami niongeze kwenye umeme. Wapangaji wenzangu: kundi la matumizi madogo lina bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350. Nyumba yetu tulikuwa familia tatu kwenye mita moja, kila tukinunua uniti zinakuja chache tunadhani mtambo umekosea. Kumbe tunavuka 75 pamoja. Tulivyofungiwa mita zetu kila mmoja akabaki chini. Na kumbukeni kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, hivyo ununuzi wa kwanza wa mwezi lazima uonekane mdogo. Wekeni kwenye bajeti msishtuke, na mzungumze na mwenye nyumba nani anaibeba.

---

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada)

Mwalimu asante sana, la uniti 75 nimelinakili. Hiyo kanuni ya nusu kwa mahitaji nami niliipima. Kodi na chakula peke yake kwetu ni 182,000 kati ya 280,000, asilimia 65, bado mkaa, shule wala maji hatujagusa. Aliyeitunga alikuwa anafikiria nyumba nyingine. Ukiishika hiyo utajiona mjinga kila mwezi na wala si mjinga.

Wewe jaribu mikebe. Siku mshahara unapoingia lipa madeni na kodi, chakula kigawe mara nne. Ukifungua mkebe wa pili siku ya tano, utajua siku ya tano. Sasa hivi unajua siku ya 12, na imeshakuwa kubwa.

---

Mkerewe wa Nansio

Mimi ni mvuvi, nisemee wanaume. Wengi hatusemi tulichopata, si kwa ubaya. Ukisema 400,000, kesho yake ndugu watano wana matatizo. Na giza linalofuata ukileta 200,000 mama anauliza nyingine umempa nani. Mtu anaona bora anyamaze atoe kidogokidogo. Shemeji wewe ulimfanyaje akasema?

---

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada)

Shemeji, sikumuuliza. Nilianza kwa kumsomea zangu. Nilimwambia giza hili nimepata 104,000, dagaa wa ndoo tatu walinyeshewa nikawauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa chini ya nusu ya bei, hii hapa hesabu. Alikuwa hajui kama mvua ya saa moja inanigharimu kiasi hicho. Alikaa kimya, halafu akachukua kalamu akaandika yake mwenyewe. Mpaka leo mstari wake anauandika yeye kwa mkono wake.

Na nikaahidi jambo moja, nimelitunza: likija giza bovu siulizi kwa nini. Tumeshapanga kwa giza bovu, kwa hiyo hakuna cha kuulizana.

---

Babu wa Kishiri

Mwangaluka, mwanangu. Nimesomewa na mjukuu wangu uzi wote. Ulichokifanya wazee wetu Usukumani walikifanya kwa ghala. Mavuno yakiingia, ya mbegu yanatengwa kwanza, kisha ya kula mpaka msimu ujao. Viazi vinakatwa, vinaanikwa, michembe na matobolwa, vinasubiri miezi ya njaa. Hakuna aliyekula mavuno ya mwaka mzuri yote kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri. Wewe ghala lako ni mikebe.

Lakini kuna kitu sijakiona kwenye hesabu zako na kimenisumbua. Msiba uko wapi? Mwanza hii mwezi haupiti bila rambirambi, na harusi zina kadi za michango. Ukiwa huna mstari wake, msiba wa kwanza utafungua mkebe wa chakula, na hutakataa kwenda.

Na mchele na mahindi, nunua watu wakivuna. Ukisubiri Desemba unanunua kwa bei ya aliyeweka.

---

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada)

Shikamoo babu. Umenishika penyewe. Nimerudi kwenye daftari: mwaka mzima tumetoa 63,000 za misiba na michango, na kila mara niliandika pembeni "dharura". Kitu kinachotokea karibu kila giza hakiwezi kuwa dharura. Kuanzia giza hili naweka 5,000 ya watu. Bajeti inakuwa 285,000. Kikoba chetu kina mfuko wa jamii unaosaidia mwanachama akifiwa, lakini wa kwenda kumfariji jirani haumo.

La mahindi nimelisikia. Kapu la Januari likijaa, ziada itakayofuata inakwenda kwenye gunia la mahindi Juni au Julai.

---

Dada wa Mwaloni

Mimi niko Mwaloni Kirumba, nanunua kwenu na kusafirisha. Naomba niwakumbushe wenzangu wafanyabiashara: pesa ya mtaji si ya bajeti ya nyumba. Mleta mada ameandika "faida" na nadhani wengi wataruka hilo neno. Mwenye gunia kumi za dagaa ana pesa nyingi mkononi siku ya kuuza, lakini iliyo yake ni ndogo. Nimeona wanawake wamekula mtaji kwenye sare za watoto kwa nia njema kabisa, giza lililofuata hawana cha kununulia dagaa wabichi, wanaanika kwa vibarua kwenye chanja zilizokuwa zao.

---

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada)

Dada wa Mwaloni, nashukuru umelisema wewe. Mtaji wangu una daftari lake na kibubu chake, na hata mtoto akiumwa naanza kukopa kikoba kabla ya kugusa kibubu hicho. Kwenye kikoba riba ninayolipa inarudi kwetu wenyewe tukivunja mwisho wa mwaka. Ile ya kausha damu hairudi kwa mtu yeyote ninayemjua.

---

BodaNyakato, 1 Machi 2026

Wiki ya nne leo naandika. Wiki mbovu mpaka sasa 37,000. Nimejilipa 35,000 Jumapili zote. Ya tairi iko 22,000 kwenye simu. Bado halijatimia ila safari hii sijakopa.

---

Mwanikaji wa Igombe (mleta mada), 3 Machi 2026

Wakuu nimerudi na hesabu ya giza, niliahidi kwenye moyo wangu nitaileta hata ikiwa mbaya.

Mitumbwi imepanda. Mume wangu ameleta 205,000. Mimi 84,000, chini ya ile 90,000 niliyoiita mbovu, kwa sababu mvua ilitukuta mara mbili dagaa wakiwa chanjani, na mara ya pili tulikuwa tumeshawageuza, wamebakiza saa mbili tu kukauka. Tulikimbia na turubai, tukaokoa chanja mbili, ya tatu ikanyeshewa mbele ya macho yetu. Wale dagaa wanageuka rangi mkononi, unahisi wanavyolainika. Kwa hiyo namba yangu ya giza bovu nimeishusha, imeandikwa 80,000 kwenye ukurasa mpya, na tutakaa tena kutafuta 15,000 ya kupunguza, ile 285,000 ishuke iwe 270,000. Nadhani itatoka kwenye mboga, nimepanda mchicha na matembele nyuma ya nyumba.

Jumla 289,000. Mahitaji 285,000. Imebaki 4,000, iko kwenye mkebe wa wiki ya nne. Kapu la Januari giza hili halikupata kitu. Sukari na mihogo vimepanda kidogo hapa kwetu tangu Ramadhani ianze, na futari ya jirani mwenye kalenda tumechangia kwenye ile 5,000 ya watu, pamoja na msiba mmoja wa Kayenze. Mkebe wa chakula haukufunguliwa kabla ya siku yake.

Kodi ya Machi ililipwa tarehe moja asubuhi. Mwenye nyumba aliniuliza siku hizi mnafanya kazi gani nyingine.

Usiku huu mwezi ni mweupe mno, mume wangu yuko nje anashona nyavu na kijana wetu mkubwa anamsomea mistari ya daftari badala yangu, ameomba mwenyewe. Mwalimu wa Magu, mikebe imefika wiki ya ngapi? Fundi, ukipata kazi hata ya siku tatu, tuandikie hapa.